Kabla Hujautuma Mswada wa Hadithi ya Watoto

Mswada wangu wa kwanza wa watoto ulikuwa na maneno zaidi ya elfu nne, ingawa niliukusudia kwa darasa la pili. Niliupeleka kwa mkono, ndani ya bahasha, kwenye ofisi ya mchapishaji mmoja jijini Dar es Salaam, nikasubiri miezi kumi na mmoja bila jibu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba nimedharauliwa. Baadaye nilipata kazi ya kusoma miswada na kuiandikia maoni kwa niaba ya wachapishaji, na kila nilipofungua bahasha nyingine yenye kosa lilelile nilizidi kuelewa kwamba nilichokuwa nimepeleka siku ile hakikuwa bado kitabu cha mtoto. Ninawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu sipendi mtu mwenye hadithi nzuri aipoteze miezi kama ile.

Jambo la kwanza kulielewa ni umbo la kitabu chenyewe. Kitabu cha picha kwa kawaida huwa na kurasa 16, 24 au 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo wa uchapaji hukunjwa na kukatwa kwa mafungu, na mchapishaji hawezi kuongeza ukurasa mmoja kwa sababu tu hadithi yako haijaisha. Ukiondoa ukurasa wa jina la kitabu na ule wa hakimiliki, kitabu cha kurasa 24 hukuachia kurasa ishirini hivi, na sehemu kubwa ya kila ukurasa ni ya mchoro. Kwa hiyo, kabla hujachapa nakala ya kupeleka, chukua karatasi sita za A4, zikunje katikati, zishone kwa uzi, kisha uandike kwa penseli maneno ya kila ukurasa mahali pake. Kazi hii ya jioni moja itakuonyesha mambo ambayo mhariri angeyaona kwa dakika tano. Utagundua, kwa mfano, kwamba kurasa tatu mfululizo mhusika wako ameketi akiwaza, na mchoraji hatakuwa na kitu cha kuchora. Utagundua pia kama kuna sababu ya mtoto kufunua ukurasa unaofuata, kwa maana swali linaloulizwa mwisho wa ukurasa wa kulia humvuta, lakini jibu likikaa ukurasa huohuo hamu yake huishia hapo.

Idadi ya maneno peke yake hudanganya katika Kiswahili. Kitenzi kimoja, kama vile "walipomnyang'anya", huhesabiwa neno moja, lakini mtoto anayesoma silabi kwa silabi hukutana na silabi saba, mojawapo ikiwa na "ng'" inayomtatiza. Nimezoea kuhesabu silabi za sentensi badala ya maneno yake, na ninapowaandikia wanaoanza kusoma ninachagua vitenzi vifupi hata kama kile kirefu kina ladha zaidi sikioni mwangu.

Baada ya hapo, soma hadithi kwa sauti mbele ya watoto wasio wako. Watoto wako watakusikiliza kwa kuwa wanakupenda, ilhali wa jirani wataanza kutazama dirishani pale hadithi inapolegea, nawe utie alama mahali hapo. Niliwahi kuwasomea watoto hadithi ya mvulana aliyepoteza mbuzi, na nilipomaliza msichana mmoja akauliza mbuzi yule alikula nini usiku kucha. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata kidogo. Niliiandika upya hadithi nzima nikianzia kwenye swali lake, ikawa bora kuliko ile ya awali. Aya ya mwisho iliyoanza kwa "hadithi hii inatufundisha" niliifuta wakati huohuo, na ninawasihi mzifute zenu, kwa kuwa mtoto aliyeifuata hadithi mpaka mwisho ameshapata funzo lake.

Michoro usiigharamie. Mchapishaji humchagua mchoraji mwenyewe, na michoro ya ndugu yako inaweza kumfanya mhariri aukatae mswada ambao angeupokea bila hiyo. Andika maelezo mafupi pale tu ambapo picha inapaswa kuonyesha jambo lisilotajwa na maneno.

Barua ya kuambatanisha isizidi ukurasa mmoja. Taja umri wa msomaji, darasa, idadi ya maneno, na kiini cha hadithi kwa sentensi mbili au tatu. Darasa lina uzito kwa sababu vitabu vinavyolengwa kwa shule hupitia tathmini, nchini Tanzania kwa Taasisi ya Elimu Tanzania na nchini Kenya kwa KICD, yaani taasisi ya kukuza mitaala ya nchi hiyo, na mchapishaji anataka kujua mapema atakiombea ithibati ngazi gani. Kabla ya kutuma, nenda duka la vitabu uangalie ni nani anayechapisha vitabu vya umri huo, maana kumpelekea hadithi ya chekechea mtu anayechapisha vitabu vya vyuo ni kupoteza muda wa pande zote mbili.

Mkataba ukija, usiusaini siku hiyohiyo. Uliza mrabaha, yaani fungu lako la mauzo ya kila nakala, unahesabiwa kutokana na bei gani. Asilimia kumi ya kitabu kinachouzwa dukani kwa shilingi 5,000 ni shilingi 500, lakini kama mchapishaji humpa mwenye duka punguzo la asilimia 35, naye akahesabu mrabaha kutokana na fedha anazopokea, utapata shilingi 325. Mikataba ya aina zote mbili ni halali, ila ni lazima ujue uliokubali ni upi. Usiuze hakimiliki yote kwa malipo ya mara moja kwa sababu ya shida ya mwezi mmoja, kwani sheria ya Tanzania inailinda kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Omba pia kifungu kinachokurudishia haki endapo kitabu kitaadimika na mchapishaji asikichape tena.

Miezi mitatu ikipita kimya, andika barua fupi ya heshima kuulizia, ukitaja jina la mswada na tarehe ulipoupeleka. Mimi sikuiandika kamwe barua hiyo. Nilipokwenda mwenyewe mwezi wa kumi na mmoja, niliikuta bahasha yangu kwenye rafu, haijafunguliwa.