Dar es Salaam hadi Mwanza: kwa nini hesabu za safari hazilingani?

SWALI: Mhariri, mwezi ujao nitapanda ndege kwa mara ya kwanza, kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Nilipotafuta umbali wa miji hiyo nilikuta kilomita 850 mahali pamoja na zaidi ya 1,100 mahali pengine. Tena nimeambiwa kuwa ndege huenda kilomita zaidi ya 800 kwa saa, ilhali tiketi yangu inaonyesha safari ya saa moja na nusu. Nishike hesabu ipi?
Msomaji, Kibaha

JIBU: Ndugu msomaji, namba zote mbili za umbali ni sahihi, kwa kuwa kila moja inapima njia yake. Kilomita 850 ni umbali wa angani, yaani mstari mfupi kuliko yote unaounganisha viwanja hivyo viwili vya ndege, na katikati ya mstari huo hupita kati ya Kondoa na Babati. Basi halina njia ya kukatiza huko. Hufuata barabara ya Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga, na mzunguko huo ndio unaozidisha kilomita.

Muda ndio unaowachanganya wasafiri wengi zaidi. Ukigawanya 850 kwa 830, ambao ni mwendo wa kawaida wa ndege ya jeti ikiwa juu, utapata saa moja na dakika chache, lakini hesabu hiyo huichukulia ndege kana kwamba inakwenda kwa kasi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho, wala si inapopaa, na huisha inapoegeshwa Mwanza. Ndani yake mna kujongea hadi njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda kwa mwendo mdogo, na kuanza kushuka kilomita 150 au zaidi kabla ya kutua. Mashirika nayo huongeza dakika kidogo kwa ajili ya ucheleweshaji wa kawaida. Kwa hiyo rubani akitangaza kuwa mtakuwa angani kwa saa moja na dakika kumi, hapingani na tiketi yako.

Aina ya ndege nayo ina uzito. Ndege ya pangaboi kama Q400 huenda takriban kilomita 650 kwa saa, hivyo safari hiyo hiyo hurefuka kwa robo saa au zaidi. Upepo hauna athari kubwa hapa, maana ile mikondo mikali ya juu inayofanya safari ya New York kwenda London iwe fupi kwa takriban saa nzima kuliko ya kurudi haivumi karibu na ikweta.

Shika muda wa tiketi, kisha uongeze safari za nchi kavu, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazopaswa kukushughulisha zaidi. Uwanja wa Mwanza uko Ilemela, kama kilomita 10 kutoka katikati ya jiji. Kwa upande wako, foleni kutoka Kibaha hadi uwanja wa Dar es Salaam inaweza kukuchukulia muda mrefu kuliko utakaokaa angani, na dirisha la kupokelea abiria hufungwa mapema kabla ya saa ya kuondoka. Uliza shirika lako linafunga saa ngapi, nawe upange kutoka nyumbani kwa kufuata saa hiyo.