Kilichokwenda Dodoma ni kibali au gari?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa usafirishaji, na ripoti zetu zote tunaandika kwa Kiingereza. Wiki iliyopita niliandika hivi: "The permit for the vehicle which was sent to Dodoma is missing." Bosi akanirudishia karatasi, amekata "which" kwa kalamu nyekundu na kuandika "that" juu yake. Nikarekebisha, nikasambaza. Kesho yake fundi wa gereji ananipigia simu kuuliza ni gari gani limepelekwa Dodoma bila yeye kulikagua. Hakuna gari lililokwenda! Kilichokwenda ni kibali. Nimekosea wapi, na je, ni kweli "which" haifai?

Jibu: Marahaba. Bosi wako amekata neno lisilo na hatia na kuacha kosa lenyewe limekaa pale pale.

Iseme kwanza sentensi yako kwa Kiswahili: "Kibali cha gari kilichopelekwa Dodoma hakionekani." Hakuna wa kukuuliza swali hapo. Sasa badilisha kidogo tu: "Kibali cha gari lililopelekwa Dodoma hakionekani." Safari imehamia kwa gari. Kazi yote imefanywa na ngeli: "kilicho-" inamwita kibali, "lililo-" inaliita gari, hata yakikaa mbalimbali kiasi gani. Sisi tumezoea raha hiyo tangu utotoni, hatuioni tena.

Kiingereza hakina ngeli. "Which" ni hiyo hiyo kwa kibali, gari, funguo na tairi. Kwa hiyo msomaji anatafuta mwenye neno kwa kuangalia nani amekaa karibu, na katika sentensi yako aliyekaa karibu ni "vehicle". Fundi wako alisoma sawasawa kabisa. Kuweka "that" badala ya "which" hakusaidii, maana "that" nayo haina ngeli.

Dawa ni kuhamisha viti. "The vehicle permit that was sent to Dodoma is missing": hapa gari limetangulia kama sifa ya kibali, na kibali ndicho kinachogusana na "that". Kama kweli lingekuwa gari limekwenda, mimi ningegawa habari: "One vehicle was sent to Dodoma, and its permit is missing." Watu wa ofisini wanaogopa sentensi fupi wakidhani zinaonyesha Kiingereza kidogo. Sijawahi kuona ripoti iliyorudishwa kwa sababu ilieleweka haraka.

(Tusijisifu sana, lakini. Ngeli zikifanana, nasi tunakwama: "Taarifa ya mashine iliyopelekwa Dodoma" inaweza kuwa taarifa, inaweza kuwa mashine.)

Sasa "which" na "that". Anachofuata bosi wako ni mazoea yenye nguvu zaidi Marekani: "that" kwa maneno yanayochagua kitu gani hasa, "which" kwa maneno ya nyongeza yanayotanguliwa na koma. Ndugu wawili Waingereza, H. W. na F. G. Fowler, walishaitetea tofauti hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1906, lakini Waingereza wengi hawakuifuata, na mpaka leo "the permit which was sent" bila koma ni Kiingereza safi huko Uingereza. Kinachokatazwa pande zote mbili ni kinyume chake: usiandike "the permit, that was sent to Dodoma, is missing". Baada ya koma ya namna hiyo ni "which", na kwa watu ni "who". Ukitaka kuona jinsi mambo haya yanavyohama na wakati, fungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Sala ya Bwana: "Our Father which art in heaven". Leo ukimwita baba yako "which", utaitwa kikao cha ukoo.

Koma hiyo ndiyo ya kuogopa kuliko kalamu nyekundu. Linganisha: "The drivers who had no licences were sent home" na "The drivers, who had no licences, were sent home." Ya kwanza imewarudisha wasio na leseni, wengine wako kazini. Ya pili imewarudisha wote, na inasema hakuna hata mmoja aliyekuwa na leseni. Kwa Kiswahili tungebadilisha maneno yenyewe: "Madereva wasio na leseni walirudishwa nyumbani", halafu "Madereva walirudishwa nyumbani, maana hawakuwa na leseni". Nilipokuwa mgeni katika uhariri niliwahi kutia koma hizo mbili kwenye tangazo la ofisi moja, kisa sentensi ilionekana ndefu. Asubuhi yake madereva wote walikuwa mlangoni kwa mhasibu, kila mmoja na leseni yake mkononi.

Wala si sisi tu tunaohangaika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1991 ilieleza mashine ya kupiga simu yenyewe kuwa ni yenye uwezo "to store or produce telephone numbers to be called, using a random or sequential number generator". Je, maneno yanayoanzia "using" yanafafanua "produce" peke yake, au na "store" pia? Mtu mmoja aliyekuwa akipokea ujumbe wa simu kutoka Facebook alishtaki, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Aprili 2021 majaji wote walikubaliana kwamba yanafafanua yote mawili, na koma iliyo kabla ya "using" ilikuwa miongoni mwa hoja za hukumu. Facebook ikashinda, kwa kuwa mashine yake haikutumia kifaa hicho cha kutunga namba ovyo au kwa mfuatano.

Nimesoma ripoti nyingi za makarani, kwa hiyo nikuonye na haya ambayo Kiswahili kinatuponza. "The spare part which we bought it" inatoka kwenye "kipuri tulichokinunua"; hiyo "-ki-" ya pili kwa Kiingereza haina nafasi, toa "it". "The driver whom his licence has expired" ni "dereva ambaye leseni yake imeisha" iliyohamishwa nzimanzima. Sema "the driver whose licence has expired". Na "whose" usiionee haya hata kwa vitu: "a lorry whose brakes failed" ni sahihi.

La mwisho ni hili: "Driving to Shinyanga, the tyre burst." Wewe kichwani unasikia "Nikiendesha kwenda Shinyanga, tairi lilipasuka", na "ni-" inakuonyesha dereva. "Driving" haina nafsi. Msomaji anaikabidhi kwa jina la kwanza atakalokutana nalo, na hapo tairi limeshika usukani. Mrudishe mwenyewe: "While I was driving to Shinyanga, a tyre burst."

Kwa ripoti yako, tuma upya ile ya "vehicle permit". Ile "that" ya bosi iache, haidhuru kitu na yeye atafurahi. Fundi mwambie atulie, magari yote yapo.