Aliyenigonga hana bima: nani atanilipa?

SWALI: Wakili, nilikuwa abiria wa boda boda mjini Thika, Probox ikatugonga kwa nyuma. Nilivunjika mguu nikatiwa chuma. Polisi wanasema bima ya gari hilo ilikuwa imeisha. Kesi ya trafiki inaahirishwa tu, na sasa ni mwaka mmoja na miezi minne tangu ajali. Kuna bwana aliyenipata wodini, anataka Sh15,000 anijazie fomu za hazina ya serikali inayolipa walioumizwa na magari yasiyo na bima. Nimpe, ama ningoje kesi iishe?

JIBU: Usimpe hata shilingi. Hazina hiyo haipo Kenya. Iliyopo ni ya kuwafidia wenye bima kampuni yao inapofilisika, na gari lisilo na bima haliihusu. Uingereza wana shirika la namna hiyo tangu 1946, linalogharamiwa na kampuni za bima zenyewe. Sisi hatuna, na madalali wanauza jina tupu.

Na usingoje. Kesi ya trafiki ni ya serikali dhidi ya dereva, na faini akitozwa inaingia serikalini. Akipatikana na hatia, hukumu hiyo itakusaidia kama ushahidi, lakini kesi yako ya fidia haiitegemei. Sheria inakupa miaka mitatu tangu siku ya ajali, si tangu kesi ya trafiki iishe. Umebaki na mwaka mmoja na miezi minane. Lingekuwa gari la serikali, ungekuwa umechelewa tayari, kwa kuwa hapo muda ni miezi kumi na miwili.

Kinachoniudhi kila wiki ni watu kuamini kwamba pasipo bima hakuna wa kushtakiwa. Deni ni la aliyekosa. Bima humlipia tu. Isipokuwepo, deni linabaki shingoni mwake na mwa mwenye gari aliyemtuma. Tafuta rekodi ya gari NTSA, mamlaka ya usalama barabarani inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa nambari ya usajili, ujue lilikuwa kwa jina la nani siku ya ajali. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Probox huuzwa mkono kwa mkono bila kubadilisha jina, kwa hiyo washtaki wote: dereva, aliyesajiliwa na anayelimiliki kwa kweli.

Usiisahau boda boda iliyokubeba. Ikiwa ilisimama ghafla au haikuwa na taa ya nyuma, mwendeshaji anaweza kubeba sehemu ya lawama, na hapo huenda bima ipo. Kampuni ya bima hiyo ipewe notisi ya maandishi kabla ya kesi kufunguliwa au punde tu baada ya hapo, la sivyo itapata sababu ya kukataa kulipa. Hata kuhusu bima ya Probox, usitegemee stika ya kiooni pekee. Wakili aiandikie kampuni iliyotajwa kwenye abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali, ithibitishe tarehe bima ilipoisha.

Weka pamoja abstrakti, P3 (fomu ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha), eksirei, muhtasari wa kutoka hospitalini na risiti zote. Matumizi yasiyo na risiti korti huyakata. Gharama ya kuja kukitoa hicho chuma lazima itajwe kwenye madai, pamoja na makadirio ya daktari. Wengi huiacha, wakaja kujilipia wenyewe.

Mwenye gari akianza kuuza mali, wakili aombe korti imdai dhamana kabla ya hukumu. Ukishinda, gari lenyewe linaweza kupigwa mnada, na akiwa ameajiriwa, hadi theluthi moja ya mshahara wake inaweza kukatwa. Una miaka kumi na miwili ya kuitekeleza hukumu.

Sasa hawa wa wodini. Mgonjwa akiwa bado na dripu wanamwekea karatasi atie sahihi, na mara nyingine ni hati inayosema amelipwa na hadai tena. Hiyo ikishatiwa sahihi, kuivunja kortini ni kazi ngumu mno. Wanachukua abstrakti na P3 halisi, kisha simu haishikwi. Sheria inamkataza wakili kugawana ada na mtu asiye wakili, kwa hiyo anayekuambia yeye na wakili watagawana anakiri kosa mbele yako. Mtu yeyote asikuchukulie kesi kabla hujamwona wakili mwenyewe na kuhakikisha kwa Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba cheti chake ni cha mwaka huu. Peana nakala tu. Hati halisi zikae kwako hadi siku ya kuzitoa kortini.