Konstanti za kwadrupoli: kabla ya kulaumu mbinu, angalia mihimili

Karibu mwezi mzima nilihangaika na molekuli moja ndogo yenye atomi moja ya nitrojeni. Konstanti za kwadrupoli nilizokokotoa (namba zinazoonyesha jinsi kiini kisicho duara kamili kinavyoathiriwa na uga wa umeme unaokizunguka) zilikataa kulingana na zile zilizopimwa kwa spektra ya mikrowevu. Nikapanua seti ya msingi (vitendakazi vinavyotumika kuelezea elektroni), nikabadili mbinu, nikahamia mbinu nzito zaidi inayokesha ikikokotoa. Namba zilisogea kidogo, pengo likabaki palepale. Kumbe nilikuwa nasoma tensa sahihi (jedwali la namba tatu kwa tatu, linalobadilika kulingana na mihimili) katika mihimili isiyohusika.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kiini chenye spini ya 1 au zaidi, kama nitrojeni-14, deuteri au klorini-35, kina momenti ya kwadrupoli, Q. Elektroni na viini vya jirani huzalisha mahali kilipo mteremko wa uga wa umeme, q. Konstanti kwa MHz ni 234.96 × Q (kwa bani, kipimo cha eneo kinachotumika kwa viini) × q (kwa vipimo vya kiatomi). Q ya nitrojeni-14 ni bani 0.02044, hivyo q ya 1 hukupa takriban MHz 4.8.

Tatizo huanza baada ya hapo. Spektra hutoa vijenzi katika mihimili ya inesha, yaani ile inayofuata mgawanyo wa masi ya molekuli: a, b na c. Programu yako huchapisha tensa katika mihimili iliyojichagulia yenyewe, au ile uliyoandikia viwianishi vyako. Nilijumlisha vijenzi vitatu vya ulalo, nikapata sifuri, nikaridhika. Lakini jumla hiyo ni sifuri katika mihimili yoyote ile! Haiwezi kukufichulia kosa hili. Tafuta kitovu cha masi, unda tensa ya inesha, pata mihimili yake, kisha uzungushe tensa nzima ya q pamoja na vijenzi vilivyo nje ya ulalo. Tumia masi ya isotopu husika, si ile ya wastani iliyo kwenye jedwali la elementi.

Ukibadili isotopu, rudia mzunguko huo. Q ya klorini-35 ni kubwa kuliko ya klorini-37 kwa uwiano wa karibu 1.27, na q yenyewe karibu haibadiliki. Ila mihimili ya inesha hugeuka kidogo, kwa hiyo χaa (kijenzi cha konstanti kwenye mhimili a) hazitafuata uwiano huo sawasawa. Kuweka deuteri mahali pa hidrojeni huigeuza zaidi, maana masi ya atomi hiyo inakuwa maradufu.

Alama (chanya au hasi) nayo inasumbua. Q ya klorini-35 ni hasi, karibu bani −0.082, na programu hazikubaliani kuhusu alama ya q. Ndiyo maana siku hizi sianzi kazi yoyote ya nitrojeni bila kukokotoa HCN (sianidi ya hidrojeni) kwanza: kwenye mhimili wa molekuli nitrojeni inapaswa kutoa karibu MHz −4.71. Amonia hutoa −4.09. Ukipata +4.7, umeshajua pa kurekebisha.

Umbo la molekuli lipe uzito kuliko mbinu. Mchango wa kila chaji katika q hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali, basi urefu wa kifungo ukikosewa kidogo, namba inayumba. Na usiweke kamwe potenshali bandia kwenye kiini unachokichunguza: unaondoa elektroni za ndani, na q huhisiwa pale pale kwenye kiini. Kwa iodini, athari za relativiti haziepukiki.

Kuna njia ninayoipenda sana, aliyoiendeleza mwanakemia William C. Bailey. Chukua molekuli kadhaa ndogo zilizokwisha kupimwa, kokotoa q zake kwa mbinu moja, chora vipimo dhidi ya q, na mwinuko wa mstari ndio unaotumia badala ya Q ya vitabuni. Kwa nitrojeni, mbinu ya B3PW91 na seti ya msingi 6-311+G(df,pd) inafanya kazi vizuri ajabu, tena kwa dakika chache.

Molekuli yangu ilipozungushwa ipasavyo, pengo lilishuka hadi sehemu chache za mia za MHz, kwa hesabu ileile nyepesi ya wiki ya kwanza. Tofauti karibu yote ilikuwa imejificha kwenye kijenzi kimoja cha nje ya ulalo ambacho sikuwahi hata kukinakili.