Kuisoma rangi ya mwani kabla ya kuilaumu mbegu

Tangu nianze kulima mwani katika pwani ya Jambiani, kisiwani Unguja, swali ninaloulizwa mara nyingi na wanawake wanaoanza ni kwamba mbegu nzuri, yaani vipande vya matawi ya mwani vya kufunga kwenye kamba baharini ili vikue, inapatikana kwa nani. Nami huwauliza kwanza wamezifunga kamba zao wapi. Mbegu zilizokatwa kutoka shina moja huweza kunawiri katika shamba hili na kuoza katika shamba la jirani, kwa sababu mwani hauwezi kuhama maji yanapobadilika. Joto, chumvi, mwanga na mkondo vyote hupokelewa na seli zake palepale ulipofungwa.

Somo hili nililipata kwa hasara. Msimu mmoja wa masika nilipewa mbegu jioni, nikaziweka nje katika beseni la maji ya bahari ili nizifunge kesho yake. Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi niliyakuta maji ya beseni yamekuwa ya rangi ya waridi na matawi yamelegea kama mboga iliyochemshwa, na bila ya kufikiri nikaenda kumlalamikia jirani aliyenipa. Baadaye ndipo nilipofahamu kilichotokea. Ndani ya seli ya mwani mna chumvi na sukari zinazolingana na ukali wa maji ya bahari. Maji ya nje yakipungua chumvi ghafla, maji hayo huingia ndani kupitia utando wa seli, seli ikavimba, na ikizidiwa utando hupasuka na rangi nyekundu, ambayo huyeyuka katika maji, ikavuja. Ile rangi ya waridi ilikuwa ya seli zilizokwisha kufa. (Jirani nilikwenda kumtaka radhi, naye alinicheka sana.) Kwa hiyo usifunge mbegu siku ya mvua kubwa wakati maji yametoka, na ukizichukua njiani zifunike kwa gunia lililorowa maji ya bahari, si maji ya kisima.

Joto nalo ni hatari zaidi kwa sababu huja polepole. Nyakati za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji hutoka sana kuanzia kama saa nne asubuhi, na shamba lililo karibu na ufukwe hubaki katika vidimbwi vya kina cha kifundo cha mguu, ambavyo wakati wa kaskazi hupata moto kweli kweli. Seli ikipata joto la kiasi huweza kujitetea: hutengeneza protini maalumu za kuzikinga na kuzikarabati protini nyingine zinazoharibika. Lakini kazi hiyo inakula nguvu ambayo ingetumika kukua, na joto likidumu siku kadhaa mwani hudhoofika, kisha bakteria ambao siku zote wapo juu ya matawi bila ya kudhuru hupata nafasi ya kuingia. Hapo ndipo tunapoona mabaka meupe na matawi yakikatika. Kotonii, aina ya mwani ambayo bei yake ni nzuri, huanza kuumwa mapema kuliko spinosamu, aina nyingine tunayolima, na ndiyo sababu wengi wetu tuliacha kuilima katika maji ya kina kifupi.

Hata hivyo si kila weupe ni ugonjwa, na hapa nawaomba wenzangu tuwe makini kabla ya kuvuna kwa pupa. Mwani uliotoka kwenye maji ya kina huwa na rangi nzito, kwa kuwa seli zake hujiwekea rangi nyingi ili zinase mwanga mdogo unaofika huko. Ukiuleta kwenye maji ya kina kifupi yenye jua kali, baada ya siku kadhaa hufifia shina zima kwa usawa, kwani sasa hauhitaji rangi yote ile. Vilevile hufifia maji yakiwa na nitrojeni kidogo. Mwani wa namna hii ukiubonyeza bado ni mgumu, na ukilikunja tawi halikatiki ovyo. Uliokufa ni ule wenye baka jeupe kama barafu katikati ya tawi lenye rangi yake, nao ukiushika hulainika mkononi.

Kuhusu mkondo sina mengi, ila nasema usitafute maji yaliyotulia kwa kuwa ni rahisi kufanyia kazi. Kila tawi limezungukwa na utando mwembamba wa maji yasiyosonga. Mkondo ukiupunguza utando huo, chakula hufika kwenye seli upesi na tope halikai. Panapotulia, zitikise kamba kila unapokwenda.

Siku hizi kila bamvua kabla ya kufanya jambo lolote hupita kamba kwa kamba na kubonyeza matawi ya sehemu iliyo karibu na ufukwe, kwa sababu huko ndiko joto linakoanza. Nikikuta mabaka, hukata tawi chini ya baka, nikalitoa nje ya maji kabisa badala ya kuliacha lielee, kisha nikavuna kilichokomaa katika kamba hiyo. Mbegu zinazobaki nzima nazihamishia kwenye kamba za mbele, ambako maji hunifika kiunoni hata yakiwa yametoka.