Usinunue kifurushi hicho cha fundi wa pili

Usinunue, ndugu yangu. Umeandika kwamba mchezo wako wa kujenga mji unakuuzia fundi wa pili, wa kujenga majengo mawili kwa wakati mmoja, pamoja na almasi 500, yaani fedha ya mchezo ya kuharakisha ujenzi, kwa shilingi 2,500, na kwamba ofa inaisha usiku huu. Nimesoma nikaumia, kwa sababu nami hapa Dodoma, mwaka juzi, nililipa kiasi hicho hicho.

Kumbuka ulivyofundishwa siku ya kwanza. Nyumba ya kwanza ilikamilika kwa sekunde chache, kisha kidole kilichochorwa kwenye skrini kikakuelekeza utumie almasi za bure ili ya pili iishe papo hapo, na hukuweza kuendelea mpaka ubonyeze. Mkono wako ulizoezwa kutumia almasi kabla hujajua zinauzwaje. Baadaye jengo la dakika mbili huwa la saa 14, ghala hujaa ukiwa umelala, na almasi za zawadi zimekwisha.

Zile shilingi 2,500 hazikuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba baada ya kulipa mara moja, ofa zilizofuata zilikuja za 12,000, kisha za 25,000. Kupandisha jengo la halmashauri kulitaka siku tatu za kusubiri, au almasi 620, na vifurushi vilivyokuwepo vilikuwa vya 500 na vya 1,200. Nikanunua 1,200, zikabaki 580, na kazi iliyofuata ikataka 640. Kwa mwendo huo, katika wiki sita nilimaliza shilingi 187,000, fedha niliyokuwa nimeitenga kwa madumu ya mafuta ya alizeti kutoka Singida, wakati wa mavuno bei ikiwa chini. Mafuta niliyanunua miezi mitatu baadaye kwa bei ya juu, na wateja wa duka langu mtaa wa Majengo walikuwa wamekwisha kuhamia kwa jirani.

Aliyenipotosha ni mtengeneza video mmoja niliyemwamini, aliyesema kifurushi cha kwanza ni mtaji. Bado nina hasira naye. Mtaji huzunguka na kurudi. Almasi huteketea pale pale unapozibonyeza, na nilichonunua ni siku tatu ambazo zingepita zenyewe nikiwa dukani.

Kwa hiyo shika hili moja: usilipe ili kukwepa kusubiri, hata shilingi mia. Jengo la saa nyingi lianzishe unapokwenda kulala, yale ya dakika yaanzishe ukiwa macho, na kama fundi wako mmoja ana kazi, funga simu. Pia ondoa namba ya malipo iliyohifadhiwa humo, ili kila ununuzi ukulazimu kuiandika upya.

Na usiogope ile saa inayohesabu kurudi nyuma. Kwangu ilifika sifuri mara nyingi, na kifurushi kile kile kilirudi siku ya nne, kwa bei ile ile.