Mbu akimnyonya mgonjwa wa virusi vya ubongo, akija kwangu napata?

SWALI: Dokta shikamoo. Mjomba kalazwa, wamemtoa maji ya uti wa mgongo wakasema ni virusi vya West Nile vimefika kwenye ubongo, vimeletwa na mbu. Sasa mi ndo namuuguza na mbu wodini wapo. Akimnyonya yeye af akaja kwangu si nimekwisha?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Hapana, kwa njia hiyo hupati. Najua unapiga hesabu za malaria, na kwa malaria ungekuwa sahihi kabisa, kule mbu anachota kwa mtu anapeleka kwa mtu. Ila West Nile anaichota kwa ndege. Ndani ya ndege virusi vinazaliana mpaka damu inajaa, ndo maana New York mwaka 1999 kunguru walikuwa wanakufa ovyo kipindi kilekile watu wanalazwa, ila kwenye damu ya binadamu vinabaki vichache mno, mbu anamnyonya mjomba wako anashiba na kuondoka mikono mitupu. Farasi nae hivyohivyo, anaumwa mpaka anakufa lakini hampi mbu kitu.

Af mbu sio sindano jamani. Akishanyonya ndege, virusi vinaanza kwanza kuzaliana tumboni mwake, ndo vije kwenye tezi za mate, hapo inapita kama wiki moja mpaka mbili, joto likiwa kali inakuwa fupi zaidi. Baada ya hapo kila akiuma anakutemea.

Kule Asia kuna ndugu yake, homa ya ubongo ya Kijapani, yenyewe inazungukia kwa ndege wa majini na nguruwe, mbu wake wanazaliana kwenye majaruba ya mpunga. Malaysia 1998 walidhani ndo hiyo, wakapulizia mbu wee, kumbe ni virusi vya Nipah ambavyo mtu anavipata kwa kumshika nguruwe mwenyewe!

Kwa damu tu ndo uwe makini, mjomba asimchangie mtu kwa sasa, maana West Nile imeshapita kwenye kuongezewa damu na kupandikizwa viungo.

Mimi ningewaza zaidi nyumbani kwake kuliko wodini. Mbu aliyemuuma yuko kulekule, na wengi wakiumwa nae hawasikii chochote, kama mmoja kati ya 150 ndo virusi vinampanda ubongoni, hasa wa miaka 60 kwenda juu. Kama shangazi yuko kule, mfungie neti, ajipake dawa kuanzia jua linapozama, na yale maji machafu yaliyotuama mkayamwage leo.